Hema shambani: kwa Mtwara na Lindi, idhini ya mwenye shamba peke yake haitoshi

Msafiri anayekimbia msongamano wa kambi rasmi, akaomba kulala katika hema shambani kwa mtu, akalipa na kuondoka kesho yake, ni jambo lililozoeleka sasa katika nchi kadhaa, na sioni sababu ya lisifike Mtwara na Lindi. Tena ningependa lifike. Ninachokipinga ni kuletwa kwake kama lilivyo huko lilikotoka, yaani kama makubaliano ya watu wawili, mgeni na mwenye shamba, huku kijiji kikibaki mtazamaji. Katika vijiji vyetu shamba halina mwenyewe mmoja kwa namna hiyo, na anayelala juu ya ardhi ya kijiji ni mgeni wa wengi, apende asipende. Kwa sababu hiyo naona serikali ya kijiji ndiyo iwe mlango wa kwanza wa biashara hii, na naona pia kwamba shamba linaloonekana kufaa kuliko yote, yaani lile la mikorosho, mara nyingi ndilo lisilofaa.

Chanzo cha jambo lenyewe kinaeleweka. Nchini Marekani, maeneo yaliyo chini ya idara ya hifadhi za taifa yalihesabu matembezi milioni 331.9 mwaka 2024, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Nafasi za kambi katika hifadhi mashuhuri kama Yosemite hufunguliwa mtandaoni miezi kadhaa kabla ya safari na zile za msimu wa joto huweza kuisha kwa dakika chache, na aliyebahatika kuipata bado hujikuta amebanwa kati ya magari ya kulala na jenereta za majirani. Ndipo zilipojitokeza kampuni kama Hipcamp, iliyoanzishwa mwaka 2013, ambayo humkutanisha mwenye shamba na mwenye hema kwa njia ya mtandao na kuchukua sehemu ya malipo. Huko England nako, tangu mwaka 2023, kanuni za mipango zinamruhusu mwenye ardhi kupokea hadi mahema 50 kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka bila kuomba kibali kamili cha mipango, ilimradi aijulishe mamlaka ya eneo lake. Sharti hilo la kujulisha, ambalo wengi hulipita haraka wanaposifia uhuru wa mwenye ardhi, ndilo ninalolishikilia mimi.

Hapa Tanzania msongamano upo, ila hauko Kusini. Nchi ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2 mwaka 2024, na walio wengi walikwenda Kaskazini na Zanzibar. Aliyewahi kulala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, au kambi za umma za Seronera wakati wa kilele cha msimu, anajua foleni ya choo ilivyo alfajiri na jiko la pamoja lilivyojaa wapishi wa makampuni. Ukivuka daraja la Mkapa kuelekea Kilwa, tatizo linageuka. Huku mgeni hakosi mahali pa kulala kwa sababu wenzake wamemtangulia; anakosa kwa sababu mahali penyewe hapakuwahi kuwepo. Pembezoni mwa miji ya Lindi, Mtwara, Masasi na Kilwa Masoko, hoteli ni chache mno, na gesti za makao makuu ya wilaya zimejengwa kwa ajili ya watumishi walio safarini na wafanyabiashara wa korosho, nao wana mahitaji yao tofauti na ya mtu aliyekuja kutazama nyota. Kwa hiyo hema kwetu lingekuwa jibu la upungufu wa malazi. Hilo linabadilisha hesabu zote zinazofuata, kwa sababu wageni watakuwa wachache na watatawanyika, na kila mmoja ataonekana.

Chukua Tendaguru, kilima kilicho takribani kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ambako mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alioneshwa mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza ardhini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin uliweka kambi pale, ukaajiri mamia ya wachimbaji na wapagazi chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mabaki zikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyeungwa kutokana na mifupa ile, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Mtanzania anayetaka kuona alikochimbwa hana hoteli ya kufikia huko. Atalala kwa mwenyeji au katika hema. Na nisiache kulisema hili: ile kambi ya Wajerumani iliwekwa baada ya serikali ya kikoloni kutangaza mwaka 1895 kwamba ardhi yote waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya dola. Hawakumpigia mtu hodi.

Kulala shambani kwenyewe si jambo geni kwa watu wa mikoa hii. Msimu wa kilimo unapofika familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, zikajenga vibanda na kukaa huko hadi mavuno, na mahindi au mpunga unapokaribia kukomaa mtu hupanda juu ya dungu akakesha akifukuza nguruwe na nyani. Kwa hiyo mzee wa Ruangwa hashangai kuona mtu amelala porini. Anachojiuliza ni kwa nini amelala pasipo na mazao ya kulinda, na kwa nini hakupita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kusema amefika.

Wenye mashamba wanalala kwa tahadhari ambazo mgeni hazijui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini, sehemu kubwa ya matukio ikiwa katika wilaya za kusini-mashariki, ikiwemo Lindi, na kwamba mashambulizi yaliongezeka msimu wa mavuno, watu wanapokesha mashambani kuwazuia nguruwe pori. Sisemi kwamba kila shamba la Lindi leo lina simba. Ninachosema ni kwamba taarifa ya wapi nguruwe wanapita, wapi tembo wameonekana wiki hii upande wa Liwale au Nachingwea, na njia ipi haipitiki baada ya magharibi, iko vichwani mwa wanakijiji, na mwenye shamba anayeishi mjini, aliyempa mgeni namba ya simu na mahali pa kuegesha gari, huenda hanayo. Kitambaa cha hema hakizuii kitu.

Sheria nayo iko upande wa kijiji kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia. Katika ardhi ya kijiji, haki hiyo huitwa hakimiliki ya kimila, hati yake hutolewa na halmashauri ya kijiji, na halmashauri hiyohiyo, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wakazi, ikiwajibika kwa mkutano mkuu wa watu wazima wote. Mtu anayetaka kugeuza kona ya shamba lake kuwa mahali pa kulipisha wageni anabadilisha matumizi ya ardhi ndani ya mpango ambao wengine pia wanahusika nao. Mashamba makubwa yenye hatimiliki, kama yale ya mkonge, ni suala jingine. Huko mwenye hati ana nafasi zaidi ya kuamua, na sitakaa sana hapo kwa sababu ni machache.

Hata tukiiweka sheria pembeni, bado swali la nani ni mwenye shamba haliishi upesi. Tusimame chini ya mkorosho mmoja wa Tandahimba. Ardhi inaweza kuwa ya ukoo wa upande wa mama, kwa kuwa Wamakonde, kama Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa desturi wamerithishana kwa mama, na mjomba bado ana neno katika mashauri ya mali. Anayelima anaweza kuwa mume aliyeoa pale. Na mikorosho yenyewe, kwa msimu huu, inaweza kuwa imekodishwa kwa mtu wa tatu aliyetoa fedha taslimu wakati familia ilipokuwa na mgonjwa au ada ya shule, akisubiri kujirudishia wakati wa mauzo. Mgeni amekuja na hema lake, amekubaliana na yule mume, amelipa kwa simu. Mjomba hana habari. Aliyekodi mikorosho anakuta moto wa kupikia umewashwa hatua chache kutoka kwenye shina alilolilipia. Nani kamkaribisha mgeni, na fedha ile ilikuwa ya nani? Mgogoro wa namna hii hauanzi siku hiyo ya hema, ila hulipuka siku hiyo, na anayeitwa kuusuluhisha ni baraza la kijiji ambalo halikuulizwa chochote hapo mwanzo.

Nimetaja mikorosho, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayomvutia kila mgeni. Mikorosho mikubwa hufunga kivuli kama paa, na chini yake mkulima amepalilia na kufagia ili korosho zikidondoka zionekane. Mtu akipita barabarani anaona uwanja safi, wenye kivuli, usio na miiba, akadhani umetayarishwa kwa ajili ya hema lake. Mkorosho unadanganya. Mvua za Kusini huanza takribani Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kwa hiyo miezi ya kulala nje kwa raha ni Juni hadi Oktoba. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kazi kubwa ya korosho. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti hivi, mikorosho ikianza kutoa maua, wakulima hupulizia salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, mzunguko baada ya mzunguko, na hufanya hivyo usiku wa manane na alfajiri, wakati majani yana umande na upepo umetulia. Mtu mmoja hubeba mashine mgongoni, mwingine humshikia tochi, mngurumo wake husikika mashamba matatu mbele, na wingu la manjano hupanda ndani ya matawi kisha likashuka taratibu juu ya kila kilichopo chini. Aliyelala pale ataamka macho yakimwasha na kifua kikimkaba, na hema lake litanuka salfa hadi safari nyingine. Wala hawezi kumlaumu jirani aliyepuliza upande wa pili wa mpaka, kwa sababu jirani hakuambiwa kwamba kuna mtu.

Salfa ikiisha unaingia msimu wa kuokota, kuanzia Septemba hadi Desemba kutegemea eneo. Hapo shamba ni ghala lisilo na mlango. Korosho zimelala chini, kila moja ni fedha, na wezi wa usiku pamoja na walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kinyemela nje ya mfumo rasmi, wanajulikana. Mgeni mwenye tochi anayetembea katikati ya mikorosho saa nne usiku kwa sababu anatafuta mahali pa kujisaidia, kwa macho ya mlinzi wa shamba la jirani, hana tofauti na mwizi, na sote tunajua kelele za mwizi zinavyoweza kuishia. Kwa maoni yangu kijiji kinachotaka kupokea mahema kingeondoa kabisa mashamba ya mikorosho yanayozaa katika orodha yake kuanzia Juni hadi Desemba, hata kama wenye mashamba wataona wamenyimwa.

Zipo sehemu zinazofaa zaidi, na kwa kawaida ni zile ambazo mgeni hazitazami mara ya kwanza. Shamba lililopumzishwa, ambalo halitalimwa msimu huu, linafaa. Uwanja ulio karibu na nyumba, wenye choo na mtu wa kuamkiana naye asubuhi, unafaa kuliko yote, ingawa mgeni aliyekuja kutafuta upweke atanung'unika kidogo kusikia jogoo. Pwani, kuanzia Mchinga hadi Msimbati, mashamba ya minazi yana upepo na mchanga mkavu, ila hema liwekwe wazi, mbali na shina, maana nazi kavu haichagui saa ya kuanguka. Msimbati yenyewe ina jambo lake jingine: iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la takribani kilomita za mraba 650, ikijumuisha vijiji na mashamba ya watu. Mwenye shamba la minazi pale anaweza kumkaribisha mgeni kwa moyo wote, na bado mgeni akadaiwa ada ya hifadhi. Asipoambiwa mapema atahisi ametapeliwa mara mbili. Vivyo hivyo kwa misitu ya hifadhi ya vijiji huko Kilwa na Liwale, ambako wanakijiji wamejiwekea taratibu za kuingia na kuvuna, na baadhi yao, kama Kikole na Kisangi, walikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika kupata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu wa jamii, mwaka 2009. Mtu asiye na taarifa hawezi kujua shamba limeishia wapi na msitu wa kijiji umeanzia wapi.

Juu ya uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na sehemu za Mtwara Vijijini, kuna swali la maji, na sijui kwa nini wanaozungumzia utalii wa mahema hulisahau. Uwanda ule hauna mito juu yake. Mvua huzama katika mchanga na kutokea chini mabondeni, na vizazi vya wanawake wamepanda na kushuka magenge yale na ndoo kichwani. Mabomba yamefika sehemu nyingi lakini hayatoi kila siku. Wageni wanne wanaotaka kuoga jioni na asubuhi, kupika na kuosha vyombo, watamaliza madumu ya lita 20 kadhaa kwa usiku mmoja. Mwenye shamba akiyachota kwenye kioski cha kitongoji, ameyachukua mbele ya foleni ya majirani zake. Huko juu ningetaka mgeni aje na maji yake ndani ya gari, au alipe bei ya kuyabeba kutoka mbali, na jambo hilo aambiwe kabla hajafika Shimo la Mungu kupiga picha machweo.

Moto hauhitaji maelezo marefu kwa mtu wa Kusini. Ifikapo Agosti nyasi zimekauka, majani ya mikorosho yametandaza zulia linaloshika cheche moja, na kila mwaka moto kichaa unaanzia mahali ambapo mtu aliamini ameuzima. Mkorosho ulioungua huchukua miaka kurudi. Mgeni anayeondoka asubuhi kwenda Masasi anaweza asijue kwamba jivu lake lilifufuka saa saba mchana, na hapo ndipo makubaliano ya watu wawili yanapoonesha udhaifu wake wote: aliyeunguliwa ni mtu wa tatu, mgeni amekwenda, na mwenye shamba aliyepokea fedha ya usiku mmoja hana uwezo wa kulipa mikorosho ya mtu. Kupika kufanyike kwa jiko la gesi au mkaa, mahali palipofagiwa, na moto wa kuota upigwe marufuku kiangazi chote. Anayeona hema bila moto wa kuota si hema, atafute pwani yenye mchanga.

Jambo lingine haliandikwi katika ramani yoyote. Kiangazi, baada ya mavuno, ndicho kipindi cha jando na unyago katika vijiji vingi, na kumbi huwekwa vichakani, mbali na njia, makusudi ili asiyehusika asifike. Yako pia makaburi ya wazee ndani ya mashamba, na vichaka vya mizimu ambavyo havikatwi wala kulalwa. Mwenyeji hawezi kumweleza mgeni kila kitu, na hapaswi kumweleza. Anachoweza ni kumwambia, "Upande ule usiende," na mgeni akatii. Lakini ili aseme hivyo lazima yeye mwenyewe awe amejua mwaka huu kumbi imewekwa wapi, na hilo hulijui ukiwa umekaa Mtwara mjini ukipangisha shamba la urithi kwa simu.

Kisha kuna usalama, ambao baadhi ya wenzetu wa Dar es Salaam huuona kuwa kisingizio cha watendaji. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, karibu na Mto Ruvuma. Vijiji vya ukanda ule havijasahau, na mtu asiyejulikana aliyelala karibu na mto hawezi kutegemea kuchukuliwa kama mtalii hadi athibitishwe. Upande wa pwani kuna kumbukumbu ya aina nyingine. Tangu habari za gesi zilipopamba moto, wanunuzi walipita vijijini wakitafuta viwanja vya ufukweni, Mtwara ikaingia katika vurugu za bomba la gesi mwaka 2013, na Likong'o huko Lindi wananchi walisubiri kwa miaka fidia ya ardhi iliyotengwa kwa mradi wa kuchakata gesi. Mgeni anayezunguka na simu akipiga picha mipaka ya shamba anaweza kuwa anatafuta tu mwanga mzuri, lakini wanaomtazama wameshaona wapimaji wa kila namna. Kusaini kitabu cha wageni kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji kuarifiwa, kunamlinda mgeni kabla ya kumlinda mtu mwingine yeyote.

Nategemea pingamizi moja, na ni zito. Mtu atasema: ukimpitisha mgeni kwa mtendaji umeshaiua biashara, kwa sababu ataombwa barua, barua itahitaji muhuri, muhuri utahitaji mtu ambaye amekwenda wilayani, na mwisho wa yote itaombwa fedha ya soda. Sikatai kwamba hayo hutokea. Hata hivyo dawa ya mlango mgumu ni kuulainisha, na vijiji vina njia ya kufanya hivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakiruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo ya kurasa mbili ingeweza kutaja maeneo yanayoruhusiwa, miezi yake, idadi ya mahema, ada ya kijiji, na kwamba taarifa ya simu kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya jua kuzama inatosha kwa usiku mmoja wa raia, kitabu kikasainiwa kesho yake. Ada ikatwe kwa mashine ya halmashauri na risiti itoke hapohapo. Pasipo na risiti mgeni awe na haki ya kukataa kulipa, na sheria iseme hivyo waziwazi.

Wanaopenda mfano wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya, ambako mtu hulala karibu popote bila kumwomba yeyote, wausome hadi mwisho. Norway, kwa sheria ya mwaka 1957, inaruhusu hema katika maeneo ya wazi, lakini si katika mashamba yaliyolimwa, si chini ya mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, na kwa kawaida si zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila ruhusa. Scotland ilitoa haki pana kwa sheria ya mwaka 2003, na kufikia mwaka 2017 hifadhi ya Loch Lomond na Trossachs ililazimika kuweka vibali vya mahema kwenye kingo zake kati ya Machi na Septemba, baada ya uchafu na uharibifu kuzidi. Nchi hizo zina ardhi nyingi isiyolimwa karibu na wapenda mahema. Kwetu ardhi nzuri karibu na njia, karibu na maji na yenye kivuli, karibu yote ina jembe la mtu.

Kuhusu fedha, ningependa sehemu kubwa imfikie mwenye shamba, kwa kuwa choo, fagio na usumbufu ni vyake, kisha kijiji kipate kiasi kisichobadilika kwa kila hema badala ya asilimia, maana asilimia hukaribisha kudanganya bei. Pale mikorosho au minazi ilipokodishwa, aliyekodi awepo wakati wa makubaliano. Na idadi iwe ndogo kwa makusudi: mahema matatu kwa eneo, labda manne, kwa usiku mmoja. Watu watakaokuja Kusini watakuwa wamekimbia foleni za choo za Kaskazini, na kijiji kitakachojaza mahema ishirini katika shamba moja kwa tamaa ya sikukuu moja ya Idi kitakuwa kimewaletea kilekile walichokikimbia, tena bila maji ya bomba.

Hakuna haja ya kusubiri mradi wala semina. Kijiji kimoja cha pwani ya Lindi na kingine cha njia ya Tendaguru vinaweza kuanza kiangazi kijacho na viwanja vitatu kila kimoja, choo kikichimbwa kwanza, daftari likiwa kwa mtendaji, na hesabu ya kila hema ikisomwa katika mkutano mkuu kabla watu hawajahamia mashambani kwa ajili ya mvua.